Winchi ya Mkwe

Mtaani walimwita Injinia, na watu walidhani cheo hicho alipewa na mtu. Mkewe alijua kwamba alijipa mwenyewe. Alikuwa fundi wa magari madogo, mtu wa breki, klachi na plagi, akifanya kazi uani kwake chini ya mabati, na kwa kazi hizo hakuwa mbaya hata kidogo. Tatizo lilikuwa mdomo. Mteja akitaja ndege, Injinia amewahi kufungua injini ya ndege. Akitaja meli, basi meli hiyo ilimshinda kila mtu mpaka alipoitwa yeye. Mkewe, aliyekuwa ameyasikiliza hayo tangu usichana, alikuwa amefika mahali ambapo mumewe akifungua mdomo, yeye hufungua bomba la maji.

Kwa hiyo mkwe wao alipoingia uani na bampa jipya juu ya gari na boksi zito nyuma, akauliza, "Mzee, umewahi kufunga winchi?" mama mkwe alikuwa kwenye beseni la nguo na alilijua jibu kabla halijatoka.

"Winchi?" Injinia alicheka kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kula. "Mwanangu, nimezifunga mpaka nimezichoka."

"Hajaona hata moja," mkewe aliiambia sabuni.

Mkwe huyo alikuwa na duka la vigae na simenti. Mwenyewe alikuwa mfupi, lakini gari lake alikuwa amelipandisha juu kiasi kwamba kushuka kwake kulikuwa kama kuteremka darini. Lilikuwa na taa juu ya paa, bomba la kuvutia hewa lililochomoza kama shingo ya bata, na matairi yenye meno. Matope pekee liliyoyajua gari hilo yalikuwa ya mahali pa kuoshea magari. Sasa mkwe alikuwa amejiunga na chama cha watu wenye magari ya namna hiyo, ambao mwisho wa wiki hutafuta mabonde na mito ili wakwame kwa hiari yao, na huko, alisema, mtu asiye na winchi, mashine ya kuvutia gari lililokwama, hasalimiwi.

"Kule kwa mafundi wa magari haya wamenizungusha," alieleza. "Eti bampa hili ni la urembo, halibebi winchi. Eti nilete lingine, niwaachie gari wiki nzima. Wivu tu."

"Wezi wale," alisema Injinia. "Wanakula watu."

Wote wawili wakatikisa vichwa kwa masikitiko, na mama mkwe akafikiri kwamba majivuno mawili yakikutana hayapigani kama watu wanavyodhani. Yanapeana viti.

Alifuta mikono akaenda kwenye gari. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amekaa mbele, kioo kimefungwa, ubaridi wa mashine ukimpulizia uso. Kioo kilishuka kidogo, upana wa kiganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huteremki kwenu?"

"Amesema hatukai."

"Mguu kuukanyagisha chini tu, nako ni kukaa?"

Binti alimtazama mumewe kwanza, kisha mama yake, kisha akatabasamu tabasamu la kuomba radhi ambalo hakulelewa nalo. Mama akarudi kwenye beseni. Hakuwa na neno la kusema ambalo lingepita kwenye upenyo ule.

Simu ya mkwe ikalia. Aliipokea akitembea huku na huku, akikanyaga maji ya sabuni bila kuyaona. "Niko njiani, ndugu yangu," alisema kwa sauti. "Hapa niko kwa fundi mmoja, ananifungia winchi. Eh, fundi mmoja tu wa huku uswahilini."

Fundi mmoja alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka kwake, na ndiye aliyempa mke. Injinia alisikia. Mkewe aliona shingo yake ilivyokaza. Halafu akainama zaidi kwenye jeki, kama mtu aliyedondosha kitu, na akaanza kupiga mluzi.

Bampa la zamani lilitoka, jipya likaingia. Lilikuwa jeusi, pana, lenye pembe na vitundu vya mapambo, na Injinia alipoligonga kwa spana lililia kama debe. Aliligonga mara moja tu. Wakaitoa winchi ndani ya boksi, mtungi wa chuma uliozungushiwa waya mnene, mzito wa kubebwa na watu wawili, na pamoja nayo kikatoka kipande kinene cha bamba la chuma chenye matundu, kizito kama jiwe la kusagia. Injinia alikipima hapa, akakipima pale. Matundu hayakukubaliana na chochote. Alikigeuza juu chini, akakigeuza tena, jasho likimtoka.

Mkewe alikuwa anaanika. "Na hicho ni cha nini?"

"Cha ziada."

"Mtu akuwekee chuma kizito hivyo cha ziada? Si ndicho kinachoishika hiyo winchi kwenye chasisi?"

"Wewe anika nguo," alisema Injinia, kwa upole wa mtu anayesikilizwa na mkwe. "Hawa wenye viwanda huongeza vyuma ili wapandishe bei."

"Kweli kabisa," alidakia mkwe, ambaye duka lake mwenyewe liliishi kwa kupandisha bei. "Mzee, weka tu. Jumamosi nina safari."

Basi kile chuma kikaegemezwa ukutani, na winchi ikafungwa juu ya bampa tupu kwa bolti ambazo Injinia alizitoa kwenye kopo lake la makorokoro. Akazikaza mpaka mishipa ikamsimama. Akapitisha nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, hadi kwenye betri. Alipobonyeza rimoti, winchi ikanguruma, waya ukaanza kutambaa, na wanaume wawili wazima wakashikana mabega wakicheka kama watoto waliopata panya.

Ilibidi ijaribiwe. Waliifunga ndoano kwenye nguzo ya lango. Winchi ikavuta, nguzo ikang'oka, na lango zima likalala juu ya matuta ya mchicha.

"Umeona nguvu hizo?" Injinia alipiga kelele. "Umeona?"

"Mzee, wewe ni noma!"

Gari likaondoka likipita mahali palipokuwa na lango. Mama aliliangalia lile lango lililolala, na mumewe aliyesimama juu yake kifua mbele, akajiuliza ni nguvu ya nani hasa iliyothibitishwa hapo, maana nguzo ile ilikuwa imeoza tangu masika ya mwaka juzi na hata mbuzi wa jirani alikuwa akiitikisa.

*

Ijumaa binti alipiga simu. Wanachama wenzake mumewe wangekuja na wake zao, alisema, na chakula kilikuwa zamu yao. "Mama, njoo unisaidie. Peke yangu sitaweza. Na baba anatakiwa, awepo kama gari litasumbua."

"Anatakiwa kama baba au kama spana?"

"Mama, tafadhali."

Wakaenda. Injinia alivaa suruali yake ya harusi za watu na shati lililopigwa pasi, akakaa kiti cha nyuma cha gari la mkwe na sanduku la vifaa miguuni, akieleza njia nzima jinsi winchi zinavyofanya kazi. Hakuna aliyemuuliza.

Bonde lenyewe lilikuwa chini ya machimbo ya mchanga yaliyoachwa, mahali pa tope jekundu na majani makavu. Magari makubwa yalijipanga kama kwenye gwaride. Mkwe akapeana mikono, akapigwapigwa mgongoni, akalionyesha bampa lake kwa mguu. "Huyu ndiye fundi wangu," alisema, akimwelekeza Injinia kwa kidevu. Mama mkwe hakuelekezwa kwa chochote. Alikuwa ameinama kwenye makaa, akigeuza nyama, na baada ya muda kidogo bwana mmoja mwenye miwani ya jua alimpa kikombe kitupu bila kumtazama, akasema, "Mama, niongezee chai, sukari kidogo."

Alimwongezea. Binti yake aliona, akageuza uso upande wa pili. Mama hakuweza kuamua ni kipi kilichomuuma, mkono wa yule bwana au shingo ya mwanawe.

Kabla ya saa ya kula, gari la mwenyekiti wa chama lilizama kwenye tope mpaka milangoni. Hiyo ndiyo furaha waliyoifuata, kwa hiyo wote walishangilia, na kati ya wote aliyeshangilia zaidi alikuwa mkwe. "Niachieni! Niachieni!" Akaleta gari lake mbele, akakanyaga breki, akavuta waya na kuifunga ndoano kwenye gari lililozama.

Dereva mmoja mwanamke, aliyevaa buti zilizojaa tope la kweli, alilitazama bampa, akaligonga kwa kucha. "Hili limeshikwa na nini?" aliuliza.

"Na fundi wangu," alisema mkwe, na watu wakacheka.

"Tupieni koti zito juu ya waya basi. Na watu wakae mbali kabisa."

"Dada, hii si mara yangu ya kwanza," alisema mkwe, ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza. Akamwita mkewe. "Wewe, chukua simu yako. Simama pale mbele, pembeni kidogo, bampa lionekane vizuri. Usitikisike."

Binti akaenda akasimama alipoambiwa. Mama yake alinyanyuka kutoka kwenye makaa. "Mwanangu, rudi nyuma," aliita, lakini winchi ilikuwa imeanza kunguruma na sauti yake ikamezwa.

Waya ukanyooka. Ukakaza mpaka ukaimba. Gari la mwenyekiti halikusogea hata ukucha. Injinia alikuwa amesimama kando ya gurudumu la mbele, na mkewe alimwona vizuri, kwa kuwa ndiko alikokuwa akitazama. Aliona macho yake yakitua kwenye bampa pale bolti zilipokaa. Bati lilikuwa linavimba, likifunuka polepole kama mfuniko wa kopo la samaki. Injinia aliona. Mdomo wake ukafunguka, ule mdomo usiojua kunyamaza. Akamtazama mwenyekiti, akawatazama wale mabwana wenye miwani, akamtazama mkwe.

Akaufunga.

Kilichofuata kilikuwa cha mpigo mmoja. Bati lilichanika, na winchi ikaruka na nusu ya bampa kuelekea kwenye tope, ikimpitia binti mguuni. Hakulia. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, akautazama mguu wake uliokuwa umekunjika mahali ambapo mguu hauna kiungo.

Mama alifika wa kwanza. Wa pili alikuwa yule mwanamke mwenye buti, tayari anavua mkanda wake kuufunga mguu. Mkwe naye alifika mbio, akainama, na kitu alichookota kwanza kilikuwa simu.

*

Mfupa wa paja ulivunjika, na wa chini pia. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma. Mkwe alikuja wodini akiwa na matunda na haraka. Alisimama upande wa miguu ya kitanda akieleza kwamba gari limeharibika sana mbele, hata taa, na kwamba bampa kama lile sasa halipatikani. Siku ya kutoka hospitali alisema nyumba yake ina ngazi nyingi na yeye hashindi nyumbani, kwa hiyo ni bora mgonjwa apelekwe kwa wazazi wake. "Tena ndiko kosa lilikotokea," aliongeza, kwa sauti ya mtu anayerudisha kigae kilichopasuka.

Walimlaza chumba cha mbele, karibu na dirisha. Mama alimwogesha, akamlisha, akampindua. Injinia alizunguka mlangoni kama kuku asiyejua pa kutagia. Mazungumzo yake yalikuwa yamepata hadithi mpya: waya ulikuwa na kasoro, mkwe alikanyaga breki vibaya, tope la bonde lile si la kawaida, lina mvuto. Kila mteja aliisikia. Mkewe alifungua bomba. Hakumwambia alichokiona. Alikibeba kama mtu abebavyo kaa la moto kwenye kijiko, akitafuta pa kuliweka.

Wiki ya pili alikwenda dukani kununua mafuta ya taa, akamkuta mwenye duka ameinamia simu, akitikisika kwa kicheko. "Mama, njoo uone vituko," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Hakujua. Kwenye kioo kidogo kulikuwa na bampa jeusi, waya uliokaza, sauti za watu wakishangilia, kisha winchi ikaruka kama chura na picha ikakatika hapohapo. Juu yake mtu alikuwa ameandika: KAZI YA FUNDI WA UANI. Ilikuwa imepita kwenye simu za watu mpaka imechoka.

Mama alirudi bila mafuta. Angeweza kuficha. Lakini binti, aliyekuwa akisoma nyuso za watu siku nzima kwa kukosa cha kufanya, alimuuliza kuna nini, naye akamwambia.

"Ilipigwa kutoka wapi?" binti aliuliza taratibu.

"Kutoka mbele. Pembeni kidogo."

"Basi ni simu yangu. Aliniambia iliharibika kwenye tope." Aliitazama dari. "Ameikata kabla sijaanguka."

"Eh. Wewe humo hata huonekani."

Binti akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichomuumiza mguu, na hakukiacha hata ulipomuuma.

*

Mkwe alikuja Jumapili pamoja na kaka yake mkubwa, mtu mzima mwenye fimbo na adabu, aliyeletwa ili maneno yawe na uzito. Binti aliomba abebwe na kiti chake, aketi nao sebuleni. Mama alitoa chai.

"Wazee wetu," alianza kaka mtu, "hatukuja kugombana. Ajali haina kinga. Lakini mdogo wangu ameumia kwa jina. Watu wanamcheka. Angependa tu baba mkwe aseme, mbele ya wale wenzake wa chama, kwamba kosa lilikuwa la ufundi. Hapo yaishe, na mke arudi kwake akipona."

Injinia alijiweka sawa kwenye kiti. Mkewe aliijua dalili hiyo. "Ndugu zangu," alisema, "katika miaka yangu yote ya winchi, waya wa namna ile..."

"Baba watoto."

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshika birika. "Nilikuona," alisema. "Bati lilianza kufunuka, ukaliona kabla ya mtu yeyote. Ukafungua mdomo. Maisha yako yote umesema yasiyo na maana, na siku ambayo neno moja lingefaa, ukalimeza ili wenye miwani wasikuone mjinga. Mwanao alikuwa amesimama pale."

Hakuna aliyegusa chai. Injinia aliangalia mikono yake, iliyokuwa na mafuta ambayo hayatoki tena. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, hata mgeni angedhani ni ya mtu mwingine.

"Sijawahi kufunga winchi," alisema. "Ile ilikuwa ya kwanza. Kile chuma sikujua kinakaa wapi, nikaona haya kusema. Na bati nililiona. Ni kweli. Nililiona." Akamgeukia binti yake. "Nilikuona na wewe, pale uliposimama."

"Mnasikia?" Mkwe aliruka kwenye kiti, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kaka, umesikia? Amekiri mwenyewe! Angekuwepo mtu wa kurekodi!"

"Kaa," alisema kaka yake.

"Amekiri," binti alisema. "Sasa zamu yako."

"Mimi? Mimi nikiri nini? Mimi nilifunga bolti?"

Binti alisubiri. Alimpa nafasi ya kutosha, hata kaka mtu akaanza kukohoa. Mkwe alitazama dirisha, saa yake, ufunguo wa gari. Alikuwa akitafuta kwa bidii, ungeweza kuona, na kwa kweli hakuona chochote.

"Mafundi walikukatalia," alisema binti. "Yule dada akakuonya. Wewe ndiye uliyenipanga pale kama kigae dirishani. Na nilipokuwa chini, ukaokota simu. Haya, tuache. Nipe simu yangu."

"Iko nyumbani."

"Basi utaileta pamoja na nguo zangu. Zote."

"Shemeji," kaka mtu alijaribu, "hasira ni hasara. Utarudi lini?"

"Kaka, wewe nakuheshimu, kwa hiyo sikudanganyi. Siku nitakapotembea, sitatembea kuja huko."

Kaka mtu aliinamisha kichwa. Akamaliza chai yake yote, kwa kuwa ni kosa kuacha chai ya watu, akasimama kwa fimbo.

"Unaondoka? Tunafukuzwa?" mkwe aliuliza.

"Hakuna aliyekufukuza," alisema kaka yake kwa uchovu. "Wamemaliza na wewe tu. Twende."

Mama hakuwasindikiza. Alimsaidia binti kurudi kitandani, akamwekea mto chini ya goti, akamfuta uso kwa kitambaa cha maji baridi, na binti akalala akiwa ameshika kona ya khanga yake. Alipotoka alimkuta mumewe bado yuko palepale kwenye kiti, amekaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Alimtazama bila huruma. Mumewe alitaka neno, hilo lilionekana. Alikuwa amesema kweli, na kama mtoto alidhani kweli ina zawadi.

"Vyombo hivyo," alisema mkewe. "Vioshe."

Injinia hakuwahi kuosha kikombe katika nyumba ile. Alivikusanya vyote kwenye sinia, akaenda uani, akachuchumaa kwenye beseni. Mkewe alikaa akisikiliza maji, na vikombe vikigongana. Kisha kikasikika kishindo kidogo.

Alikuja mlangoni na vipande mkononi, maji yakimchuruzika kwenye viwiko. Mdomo wake ulifunguka, na mkewe akasubiri kusikia habari za sabuni inayoteleza, au vikombe vya siku hizi visivyo na ubora.

"Nimekivunja," alisema Injinia.

"Nimesikia. Chukua ufagio."